Kikao kimekwisha, karo atalipa nani?

Kila Mahakama ya Uganda inaposisitiza kwamba migogoro ya kifamilia ianzie kwenye usuluhishi, lawama hutoka pande mbili. Tangu Alfonse Owiny-Dollo alipochukua uongozi wa Mahakama mwaka 2020, msukumo huo umekuwa mkubwa kuliko wakati wowote ninaoukumbuka, na lawama nazo zimeongezeka. Upande mmoja wapo mashehe, wachungaji na wazee wa koo wanaouliza: kama ni kusuluhisha, mbona watu wanatoka humo wakiwa wametengana vile vile? Upande wa pili wapo watetezi wa haki za wanawake na baadhi ya mawakili wanaohofia kwamba mwanamke aliyekimbia kipigo atakalishwa kitako, abembelezwe, halafu arudishwe kwenye nyumba aliyoikimbia. Pande hizi hazikubaliani kwa jambo lolote, ila zote zimeshika dhana moja: kwamba kazi ya usuluhishi ni kuiokoa ndoa. Dhana hiyo ndiyo inayotupoteza. Wawili wanapofika kwenye meza hiyo, mara nyingi ndoa imeshakwisha, na maji yakimwagika hayazoleki. Kilichobaki ni watoto, karo, kiwanja, nyumba, na mama mzee aliyekuwa akiishi nao. Usuluhishi upimwe kwa hayo. Na ukiupima hivyo, utaona kwamba Uganda haijapungukiwa vikao hata kidogo. Tulichokosa ni makubaliano yanayoshika baada ya watu kuinuka kwenye viti.

Tuanze na sheria, maana wengi wanazungumza kana kwamba msuluhishi anaweza kuivunja ndoa au kuirudisha. Kwa waliofunga ndoa ya kanisani au ya serikali, Sheria ya Talaka tuliyonayo ni ya mwaka 1904. Chini ya sheria hiyo mume na mke hawawezi kukubaliana tu kuachana, wakapeana mikono na kwenda zao. Lazima mmoja aithibitishie mahakama sababu, kwa mfano uzinzi, ukatili, au kutelekezwa kwa miaka 2 na zaidi, na mahakama ijiridhishe kwamba wawili hao hawakula njama kutafuta talaka. Hata hapo hutolewa kwanza amri ya awali, ndipo baada ya miezi 6 ije ya mwisho. Maana yake ni kwamba talaka yenyewe haimo mikononi mwa msuluhishi. Kinachoweza kuwekwa mezani kwake ni mambo yanayoizunguka: watoto wakae na nani, wamwone mzazi wa pili lini, matunzo yawe kiasi gani, mali igawanywe vipi. Ndoa za Kiislamu zina sheria yake ya mwaka 1906, na za kimila zina utaratibu wake, lakini hata huko ugomvi unaodumu baada ya talaka huwa ni huo huo: mtoto na mali.

Kanuni za usuluhishi za mwaka 2013 ziliuchukua utaratibu uliojaribiwa kwanza katika Kitengo cha Biashara cha Mahakama Kuu, zikaupeleka kwenye kesi zote za madai, za familia zikiwemo. Kabla kesi haijasikilizwa, wahusika hukutanishwa na msuluhishi, ambaye aweza kuwa jaji, msajili, hakimu, au mtu aliyeidhinishwa kwa kazi hiyo. Kikao kinatakiwa kimalizike ndani ya siku 60. Wakipatana, makubaliano huandikwa, yakatiwa sahihi na kusajiliwa mahakamani, yakawa na nguvu ya hukumu. Wakishindwa, kesi huendelea, na waliyoambiana mle ndani hayatumiki kama ushahidi. Katiba ya 1995 nayo, Ibara ya 126, inazitaka mahakama zihimize upatanishi kati ya wahusika. Kwa hiyo msingi wa kisheria upo, na ni imara.

Faida yake naiona hasa kwenye lugha. Lugha ya mahakama zetu ni Kiingereza. Mama wa Bombo anayezungumza Kinubi na Kiswahili, au baba wa Arua aliyezoea Kilugbara, hufika mbele ya jaji akisikiliza maisha yake yakisimuliwa na wakili kwa lugha asiyoimudu, mkalimani akimpa vipande vipande. Kwenye meza ya usuluhishi anaweza kusema mwenyewe. Na yapo mambo ambayo hakuna hati ya madai itakayoyabeba: kwamba mtoto wa pili anaogopa kulala kwa baba kwa sababu nyumba ile haina umeme, au kwamba mama haombi shilingi hata moja, anachotaka ni baba afike shuleni siku ya wazazi. Jaji hana amri ya kutoa juu ya mambo kama hayo. Watu wawili waliozaa pamoja wanaweza kuyamaliza kwa nusu saa, ikiwa yupo mtu wa kuwazuia wasitukanane. Unafuu wa gharama na muda unajulikana, sitaurefusha.

Sasa tuje kwenye vikao visivyo vya mahakama, ambako ndiko familia nyingi huishia. Uganda mtu hutengana na mwenzake, akaenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani halmashauri ya kijiji. Asiporidhika, anakwenda kwenye dawati la polisi la familia na watoto. Kutoka hapo anaelekezwa kwa afisa wa probesheni na ustawi wa jamii wilayani. Katikati ameshapita kwa shehe au mchungaji, na kabla ya wote ukoo ulishakaa. Mashirika ya msaada wa kisheria, ikiwemo FIDA-Uganda, chama cha mawakili wanawake, ambayo imekuwepo tangu 1974, nayo husuluhisha. Mtu mmoja anaweza kusuluhishwa mara nne au tano kwa jambo lile lile, kila mara akianza hadithi upya mbele ya wageni, na kila mara akitoka na karatasi.

Mwaka jana pale Busia mama mmoja muuza samaki alinionyesha yake. Ukurasa wa daftari la mistari, uliokunjwa mara nne hadi mikunjo ikaanza kukatika. Juu tarehe na jina la kijiji. Katikati mistari mitatu, inayosema kwamba baba amekubali kuwasaidia watoto kulingana na uwezo wake. Chini sahihi mbili, alama ya kidole gumba, na muhuri wa LC1 wa rangi ya zambarau ambao alikuwa ameulipia. Hapakuwa na kiasi. Hapakuwa na tarehe ya kulipa, wala jina la shule, wala maneno juu ya mtoto akiugua. Hayo "kulingana na uwezo wake" yanamwachia mdaiwa kazi ya kupima deni lake mwenyewe, na kila mwezi uwezo wake hupungua. Baba alipohamia Busia ya upande wa Kenya, ukurasa ule ulikufa kabisa. Uganda inayo sheria kuhusu utekelezaji wa amri za matunzo zinazovuka mpaka, lakini sheria hiyo inahusu amri za mahakama. Haiutambui ukurasa wa daftari.

Simlaumu mwenyekiti aliyeuandika. Hakuna aliyemfundisha, hakuna fomu aliyopewa, na hakuna aliyemwambia kwamba kuna hatua inayofuata. Sheria ya Mahakama za Halmashauri za Mitaa ya 2006 inamkabidhi, pamoja na wenzake, masuala mazito ya kimila, kama hadhi ya ndoa ya mwanamke na nani ni baba wa mtoto. Sheria ya Watoto nayo inataka kila halmashauri, kuanzia ngazi ya kijiji, iwe na katibu wa masuala ya watoto. Tumempa mtu wa kijijini mamlaka makubwa, lakini vifaa ni kalamu na muhuri. Kosa ni la mfumo unaokihesabu kikao kuwa kimefaulu kwa sababu kimekwisha bila ngumi.

Hoja nzito zaidi dhidi ya usuluhishi ni ya ukatili, na sina nia ya kuipita juu juu. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2016 ulikuta kwamba asilimia 56 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 waliowahi kuwa na mume au mwenza walishafanyiwa ukatili naye, wa kipigo, wa kingono au wa kihisia. Ni zaidi ya nusu. Kwa hiyo msuluhishi anayeketi Makindye, kwenye Kitengo cha Familia cha Mahakama Kuu, au chini ya mwembe wa LC1, aanze kwa kudhani kwamba mwanamke aliye mbele yake huenda ni mmoja wao. Mtu anayemwogopa mwenzake hapatani naye, anajisalimisha. Ataitikia matunzo ya shilingi 30,000 kwa watoto watatu ili atoke chumbani akiwa salama, na karatasi itaandika kwamba wamekubaliana. Sheria yenyewe haijatusaidia vya kutosha hapa. Sheria ya Ukatili wa Majumbani ya 2010 ilikuwa hatua kubwa, ikautambua hata ukatili wa kiuchumi, lakini miongoni mwa amri ambazo mahakama ya LC inaweza kutoa kwa mkosaji ni kuomba radhi na kupatanishwa na aliyemkosea. Mkononi mwa mwenyekiti ambaye ni jirani na rafiki wa mume, amri ya kupatanisha inageuka kibali cha kumrudisha mwanamke nyumbani.

Hata hivyo hoja hiyo, kwa uzito wake wote, inatuambia nani asiketishwe kwenye meza hii na kwa masharti gani. Haituambii kuivunja meza. Kuna dawa zinazojulikana. Msuluhishi amhoji kila mmoja peke yake kabla ya kuwakutanisha, amuulize waziwazi kuhusu kipigo na vitisho. Akigundua hofu, awatenganishe vyumba na yeye ndiye apite kati yao, au aifunge kazi na kuirudisha kwa hakimu siku hiyo hiyo. Mwenye kuogopa aruhusiwe kuja na mtu wake. Hakuna lolote kati ya haya linalohitaji mitambo. Linahitaji mtu aliyefunzwa na faragha, na faragha ndiyo adimu kuliko vyote: kwenye madawati mengi ya polisi mwanamke hueleza alivyopigwa huku foleni nyuma yake ikisikiliza.

Hoja ya pili ni ya wanasheria, nayo ina ukweli ambao wapenzi wa usuluhishi hawapendi kuukubali. Haki alizonazo mwanandoa Mganda leo zilipatikana kwenye ushindani wa kesi. Ni kesi ya FIDA iliyoifanya Mahakama ya Katiba, mwaka 2004, ifute vifungu vilivyomtaka mke athibitishe makosa mengi kuliko mume ili apate talaka. Ni kesi ya Rwabinumi dhidi ya Bahimbisomwe iliyoipeleka Mahakama ya Juu, mwaka 2013, kuamua kwamba mali haigawanywi nusu kwa nusu kwa sababu tu watu walioana, na kwamba mchango wa kila mmoja lazima uangaliwe. Ni kesi ya Mifumi, shirika la kutetea wanawake, iliyoifanya mahakama hiyo hiyo, mwaka 2015, itamke kwamba kudai mahari yarudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha Katiba. Kama haya yote yangemalizwa kwa siri chumbani, nchi nzima isingejua lolote. Nakubali. Ndiyo maana naona mgawanyo wa mali mkubwa na wenye utata, hasa ardhi iliyoandikwa kwa jina la mmoja na kulimwa na mwingine, ubaki na njia pana ya kwenda mahakamani, na msuluhishi asimsukume mtu kuupunguza mchango wake ili tu faili lifungwe. Lakini ratiba ya mtoto wa miaka 6 kumwona baba yake haiundi sheria mpya, na mtoto huyo hana miaka mitano ya kungojea rufaa.

Hoja dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa, ni ile ya kwamba wazee wanatosha, na kwamba kumpa mtu msuluhishi wa serikali ni kumrahisishia talaka. Nawaheshimu wazee. Shangazi anayemjua binti tangu utotoni huona mambo ambayo msajili hatayaona kamwe. Lakini kabla ya kumkabidhi kazi ya kuamua matunzo, tuulize anakaa upande gani. Ukoo wa mke ulipokea mahari. Ukimtetea binti kwa nguvu, unaogopa kuulizwa ng'ombe. Ukoo wa mume unawahesabu watoto kuwa ni wa ukoo kabla ya kuuliza nani atawalisha. Mahakama ya Juu ilishasema juu ya kurudisha mahari, ila kwenye vikao vya familia swali hilo bado linaulizwa, na likishaulizwa, kikao cha watoto kinageuka kikao cha kudaiana mifugo. Mwenye maslahi ndani ya ugomvi anaweza kuwa mshauri mwema. Msuluhishi hawezi kuwa.

Na kwa ndugu zangu Waislamu wanaoitaja aya ya 35 ya Sura An-Nisaa, ya mwamuzi mmoja kutoka kwa jamaa wa mume na mmoja kutoka kwa jamaa wa mke, naomba waendelee kusoma. Aya hiyo ni ya kuchelea mfarakano kabla ya talaka. Kwa waliokwisha kuachana, Qur'ani ina maneno mengine. Sura At-Talaq, aya ya 6, inazungumzia makazi ya mke aliyeachwa, matumizi yake akiwa mjamzito, na ujira wake akimnyonyesha mtoto, kisha inawataka wawili hao washauriane kwa wema. Al-Baqara, aya ya 233, inataka hata kumwachisha mtoto ziwa kufanyike kwa kuridhiana na kushauriana. Huko ndiko kusuluhishana baada ya ndoa kukatika, kwa mambo mahususi ya mtoto na gharama zake. Anayesema kwamba kulizungumza jambo hilo ni kuhalalisha utengano, basi na aeleze ushauri huo uliagizwa kwa ajili ya nani. Katiba iliahidi mahakama za kadhi kwa masuala ya ndoa, talaka, mirathi na ulezi, na kwa miaka mingi ahadi hiyo imekaa bila sheria ya kuitimiza. Pengo hilo linawaachia Waislamu wa nchi hii vikao vingi vyenye heshima na nguvu ndogo.

Kuhusu kulazimisha, nitasema kwa ufupi. Kanuni za 2013 zinamruhusu hakimu amchukulie hatua anayekwepa kikao bila sababu. Sioni ubaya mtu kulazimishwa kufika na kusikiliza, ilimradi asilazimishwe kukubali, na aliye na hofu ya kweli asamehewe kufika. Watanzania wamekuwa na mabaraza ya usuluhishi wa ndoa tangu Sheria ya Ndoa ya 1971, na kwa kawaida huwezi kupeleka shauri la talaka mahakamani kabla ya baraza kuthibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Sipendekezi tuige hilo lote, maana baraza la kabla ya talaka linaangalia ndoa, na mimi naangalia kinachobaki. Ila lina jambo moja la kujifunza: kikao cha mtaani kinatoa hati ambayo mahakama inaitambua. Kwetu karatasi ya LC1 na faili la hakimu ni dunia mbili.

Kuziunganisha dunia hizo ndiyo kazi iliyo mbele. Mahakama inaweza kutoa fomu moja ya makubaliano ya watoto, ya ukurasa mmoja au miwili, kwa Kiswahili, Kiingereza na lugha za maeneo, yenye nafasi zinazomlazimisha mwandishi kujaza: kiasi kwa shilingi, siku ya mwezi, namba ya simu pesa zitakapotumwa, shule na nani anailipa moja kwa moja kwa kila muhula, bima au gharama za hospitali, siku za kumwona mtoto, na tarehe ya kukaa tena kupitia upya kiasi hicho kwa kuwa bei hazisimami. Malipo ya simu yana faida ambayo wazee wetu hawakuwa nayo: yanaacha kumbukumbu ambayo hakuna anayeweza kuikana. Fomu hiyo ijazwe popote watu walipopatania, iwe kwa LC, polisi, probesheni au msikitini. Kisha ipelekwe bila ada kwa hakimu wa karibu, ambaye atamwona kila mzazi peke yake kwa dakika chache, amuulize kama alikubali kwa hiari, ahakikishe kiasi kilichoandikwa kinamlisha mtoto, na aigonge muhuri iwe amri. Maafisa wa probesheni, ambao sasa mmoja hubeba wilaya nzima pamoja na yatima, watoto wa mitaani na walezi wote wa kambo, waongezwe na wapewe pesa za mafuta ili wafuatilie.

Njia hii itawafaa zaidi wale ambao hata hawakufunga ndoa. Wapo wengi wanaoishi pamoja miaka 10, wakazaa, wakatengana, na sheria ya Uganda haiwatambui kama wanandoa. Miswada ya ndoa imekuwa ikiingia na kutoka Bungeni tangu ule wa mahusiano ya familia wa 2003, na kila mara inakwama kwenye mali, wake wengi na mahari. Watoto wa watu hawa hawahitaji kusubiri Bunge limalize ugomvi huo, kwa sababu Sheria ya Watoto inamdai mzazi matunzo kwa kuwa ni mzazi, awe alioa au hakuoa. Wabunge watakapouleta tena muswada wa ndoa, wakiwa na nia njema wanaweza kukitenga kifungu cha kuyapa makubaliano ya wazazi nguvu ya amri, wakakipitisha peke yake kama marekebisho ya Sheria ya Watoto, na waendelee kubishana juu ya mengine kwa muda wanaoutaka. Jaji Mkuu naye, kwa fomu na maelekezo kwa mahakimu, anaweza kuanza hata kabla yao, wakati wa mapumziko ya shule, ili muhula unaofuata uwakute wazazi wana kiasi na tarehe.